Nyongeza ya Jukwaani na Mkataba wa Mezani: Hotuba kwa Viongozi wa Matawi, Dodoma

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe mliotoka Kongwa, Bahi, Chamwino, Mpwapwa na Kondoa, ndugu wenyeji wetu wa Dodoma Mjini, nanyi wenzetu mliosafiri kutoka Singida na Manyoni: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie migomo na mahusiano kazini kwa hali ilivyo sasa, na nitafanya hivyo, lakini naomba niseme mapema jambo ninaloliamini ili mlipime wakati nikiendelea. Udhaifu mkubwa wa vyama vyetu leo hautokani na kushindwa kugoma. Unatokana na kuzoea kungoja. Tunangoja Mei Mosi, tunangoja tamko, tunangoja waraka, na nyongeza inapotangazwa tunashangilia jambo ambalo hatukukaa mezani kulijadili, kwa hiyo hatujui kilichomo ndani yake mpaka siku mshahara unapoingia benki.

Mwaka 2022 Mei Mosi ilifanyika kitaifa hapa hapa, katika Uwanja wa Jamhuri, na wengi wenu mlikuwapo. Watumishi wa umma walikuwa wamekaa miaka kadhaa bila kima cha chini kupanda, na Rais Samia Suluhu Hassan alipowahakikishia kwamba jambo lao lipo, uwanja mzima ulishangilia. Katikati ya mwezi huohuo ikatangazwa kuwa kima cha chini kingepanda kwa asilimia 23.3. Ilipofika Julai, walimu, wauguzi na maofisa wa ngazi za kati walifungua hati zao za mishahara wakakuta nyongeza ndogo mno kuliko walivyotarajia, kwa sababu asilimia ile ilihusu ngazi ya chini kabisa. Manung'uniko yakaenea nchi nzima. Serikali haikuwa imevunja ahadi iliyoandikwa, maana hapakuwa na kilichoandikwa baina yake na sisi. Kila mtu alijaza mwenyewe maana ya asilimia aliyoisikia kwenye kipaza sauti.

Miaka mitatu baadaye, Mei Mosi ya 2025, ikawa zamu ya jirani zetu wa Singida, na huko ikatangazwa kuwa kima cha chini cha watumishi wa umma kingepanda kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kuanzia Julai, ongezeko la asilimia 35.1. Upande wa sekta binafsi, Amri mpya ya Mishahara imeanza kutumika Januari 1, 2026, na kima cha chini kikapanda kwa wastani wa asilimia 33.4. Sizibezi hatua hizi hata kidogo. Mhudumu wa ofisi aliyekuwa akipokea laki tatu na sabini na sasa anapokea laki tano ameona mabadiliko nyumbani kwake, na mtu asimwambie kwamba si kitu. Ninachouliza ni hiki: je, kiongozi wa tawi anaweza kumweleza mwanachama wake ni hoja gani chama kilipeleka, ni takwimu gani zilitumika, na ni ngazi zipi zilizoachwa nyuma na kwa nini? Mara nyingi hawezi, na mwanachama anajua kuwa hawezi, ndiyo maana akiona makato ya ada ya chama kwenye hati yake ananuna.

Tabia hii ya kungoja ina historia, na sehemu ya historia hiyo iko kwenye ardhi yetu ya Dodoma. Mwezi Septemba mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo wao ukapanda na reli ya kati kuja bara, stesheni hadi stesheni. Huku kwetu mradi wa karanga wa Kongwa ulikuwa ndio umeanza, maelfu ya watu wakikata vichaka na kung'oa visiki kwa ujira duni, nao wakaacha kazi. Hawakuwa na sheria ya kuwalinda wala ofisi ya chama. Walichokuwa nacho ni watu waliopita kambi kwa kambi wakizungumza na wenzao usiku. Mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, TFL, na Rashidi Kawawa akawa katibu wake mkuu. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli waligoma kwa zaidi ya miezi miwili, na familia nyingi za stesheni za bara zilikula kwa michango ya majirani.

Baada ya uhuru mambo yakageuka. Sheria ya mwaka 1962 ilifanya mgomo halali uwe karibu na muhali, na baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama waliwekwa kizuizini, TFL ikavunjwa, na NUTA ikaanzishwa kwa sheria ikiwa chama pekee, katibu mkuu wake akiteuliwa na Rais. Ikafuata JUWATA, ikiwa jumuiya ya chama tawala. Wapo wazee wetu waliofanya kazi kwa uadilifu mkubwa ndani ya vyombo hivyo, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwapa wafanyakazi wa viwandani ujasiri wa kuwakataa mameneja wenye dharau. Lakini kwa zaidi ya robo karne mfanyakazi wa Tanzania alifundishwa kwamba neema hushuka kutoka juu, na kwamba kazi ya kiongozi wa tawi ni kupokea maelekezo na kuyafikisha. Vyama vilivyo huru vilipata nafasi katika miaka ya 1990, na TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, ikaja baada ya hapo. Muundo ukabadilika, mazoea yakabaki.

Sasa nije kwenye mgomo wenyewe, maana najua ndilo lililowaleta wengi wenu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi haki ya kugoma. Nasisitiza haki, kwa sababu bado nakutana na waajiri, na hata viongozi wetu, wanaodhani mgomo ni kosa la jinai. Mgomo uliofuata taratibu hauvunji mkataba wa ajira, mwajiri hawezi kumfukuza mtu kwa sababu ameshiriki, wala haruhusiwi kuleta watu wa kuziba nafasi za waliogoma. Anachoruhusiwa ni kutolipa mshahara wa siku ambazo kazi haikufanyika. Hayo ni maneno mazito, na nchi nyingi jirani wafanyakazi wangeyatamani. Ila haki hii ina mlango mmoja tu, na mlango huo ni mwembamba.

Kwanza, mgomo unaruhusiwa katika mgogoro wa maslahi tu, yaani pale mnapodai kitu kipya ambacho sheria au mkataba haujawapa: nyongeza, posho, nauli, bima bora zaidi. Kama mnadai kitu ambacho tayari ni chenu, kwa mfano mshahara uliocheleweshwa au malipo ya saa za ziada, sheria inakiita malalamiko, na njia yake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kisha uamuzi au Mahakama. Ndugu zangu, tafakarini jambo hili kwa makini, kwa sababu migomo mingi inayotokea kwenye maeneo yetu ya ujenzi na mashambani ni ya kudai mishahara iliyolala. Watu wana haki kabisa katika madai yao, na bado mgomo wao unahesabika nje ya utaratibu.

Pili, hata ukiwa mgogoro wa maslahi, lazima upelekwe kwanza kwenye Tume kwa usuluhishi, na siku 30 zipite bila suluhu. Tatu, chama kiitishe kura kwa mujibu wa katiba yake, na walio wengi kati ya waliopiga kura wakubali. Nne, mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Wapo pia wasioruhusiwa kabisa: walio katika huduma za maji na usafi wa majitaka, umeme, afya na maabara zake, zimamoto, uongozaji wa ndege, na usafiri unaohitajika kuendesha huduma hizo. Mahakimu, waendesha mashtaka na watumishi wa mahakama nao hawaruhusiwi. Watumishi wa umma wana pia sheria yao ya majadiliano ya mwaka 2003, pamoja na hii. Na kwa walio chini ya Amri ya Mishahara, jambo ambalo amri hiyo imelipangia haligomewi katika mwaka wake wa kwanza. Kwa hiyo wenzetu wa sekta binafsi wanaofikiria kugomea kima cha chini mwaka huu wa 2026 wajue wamefungwa mikono katika hilo, ingawa hawajafungwa midomo kujadiliana na mwajiri wao kiwango kilicho juu ya kima hicho.

Angalieni yaliyotupata. Mwaka 2010 TUCTA ilitangaza mgomo wa nchi nzima wa Mei 5, ikidai kima cha chini cha shilingi 315,000; siku mbili kabla, Rais Jakaya Kikwete alizungumza na wazee wa Dar es Salaam akasema mgomo huo ni batili na kwamba Serikali haina uwezo wa kulipa kiwango hicho, na mgomo ukasitishwa. Mwaka 2012 madaktari waligoma mwanzoni mwa mwaka na tena katikati ya mwaka, na kiongozi wao, Dk. Steven Ulimboka, alitekwa na kupigwa vibaya, jambo ambalo hakuna mfanyakazi anayepaswa kulisahau. Mwishoni mwa Julai mwaka huohuo walimu wakagoma, na katika siku chache Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikatamka kuwa mgomo wao haukufuata sheria, wakaagizwa kurudi darasani. Madai yote matatu yalikuwa ya kweli. Walimu walikuwa na madeni, hospitali hazikuwa na vifaa, mshahara haukutosha mwezi. Lakini kilichosimama mahakamani ni tarehe, barua na taratibu, na tarehe na barua ni kazi ya chama, hasa ya tawi.

Naomba niwape tukio dogo, maana mambo haya yakizungumzwa kwa vifungu peke yake hayashiki. Nilifika siku moja kwenye eneo la ujenzi kando ya barabara iendayo Mtumba. Mafundi na vibarua walikuwa wameweka vifaa chini tangu asubuhi, wamekaa kwenye kivuli cha mbuyu, wakidai mishahara ya miezi miwili. Nyapara alikuwa akipita na daftari, akiandika majina kwa kalamu nyekundu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza anayaandika kwa ajili gani. Fundi nondo mmoja alinionyesha mkataba wake. Alikuwa ameukunja mara nne na kuuweka ndani ya mfuko wa nailoni ili jasho na saruji visiuharibu. Ulikuwa mkataba wa miezi mitatu, wa nne mfululizo kwa kazi ileile na mwajiri yuleyule, na mahali pa kutaja kazi yake, mtu mwenye ujuzi wa kusoma michoro na kufunga nondo za ghorofa, paliandikwa kibarua.

Kesho yake asubuhi mlinzi wa getini alikuwa na orodha ile. Walioandikwa hawakuingia. Ofisi ikawaambia kwa simu watulie, suala lao linashughulikiwa, nao wakatulia. Walipokuja kwenda kwenye Tume, siku 30 za kulalamikia kuachishwa kazi zilikuwa zimepita, ikabidi waanze kwa kuomba kuongezewa muda na kueleza kwa nini walichelewa. Jibu la kweli, kwamba waliamini ahadi ya simu, si jibu lenye nguvu mbele ya msuluhishi.

Kila hatua ya kisa hicho ina kifungu ambacho kingewasaidia kama wangekuwa na mtu wa kuwaambia. Sheria inasema ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo halali haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja, lakini inaongeza maneno ya maana sana: iwe kwa mkataba mmoja au zaidi. Mikataba ile ya miezi mitatu mitatu inajumlishwa. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, nayo inamchukulia mtu kuwa mfanyakazi hata akiitwa deiwaka au saidia fundi, kama ameshafanya kwa mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au kama anatumia vifaa vya mwajiri, au kama saa zake za kazi zinapangwa na mwajiri. Kigezo kimoja tu kinatosha mwajiri kutakiwa kuthibitisha vinginevyo. Na mwajiri akishindwa kuleta maelezo ya ajira ya maandishi kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye.

Nayasema haya nikijua kuwa marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika mwaka 2025 yamepanua mazingira ambamo mwajiri anaweza kutoa mikataba ya muda maalumu kwa wasio wataalamu. Yapo mema katika marekebisho hayo, kama mama aliyejifungua mtoto njiti kuongezewa muda wa kukaa naye. Lakini kwa mkoa kama wetu, ambako reli, barabara za mzunguko, uwanja wa ndege wa Msalato na majengo ya Serikali vimeleta maelfu ya watu wa kazi za mradi, na ambako mashamba ya zabibu yana misimu miwili ya mavuno kwa mwaka, mikataba mifupi ndiyo itakuwa maisha ya kawaida ya wafanyakazi wengi. Chama kinachosubiri mfanyakazi wa kudumu aje ajaze fomu kitabaki na wastaafu.

Swali la haki yenyewe ya kugoma, kwa taarifa yenu, limekuwa likibishaniwa hata nje ya mipaka yetu. Kwa miaka mingi waajiri duniani wamekuwa wakisema Mkataba Na. 87 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2000, hautaji mgomo popote, na Novemba 2023 Baraza la Uongozi la shirika hilo lilipeleka swali hilo Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Sisi tuna bahati kwamba haki yetu imeandikwa kwenye sheria ya nchi, na hatuna udhuru wa kutoijua.

Sasa, mbadala wa kungoja ni nini? Ni mkataba wa hali bora za kazi. Chama chenye wanachama walio wengi kati ya wafanyakazi wa sehemu ya kazi kinastahili kutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano, na mwajiri anawajibika kukaa mezani na kujadiliana kwa nia njema. Mkataba ukisainiwa unawabana wote wawili, na unawahusu hata wasio wanachama walio katika kundi hilo, ambao wanaweza kukatwa ada ya uwakala. Ndani yake mnaweza kuandika nyongeza ya kila mwaka ngazi kwa ngazi, nauli, chakula cha zamu ya usiku, mkono wa pole, muda wa nyapara kutoa onyo kabla ya kuandika jina la mtu. Mambo madogo ya namna hii hayawezi kutangazwa jukwaani na Rais yeyote, na ndiyo yanayoamua kama mtu anakwenda kazini kwa moyo au kwa kinyongo.

Tena tuna ushahidi kwamba hoja iliyosimamiwa vizuri hufika bila mgomo. Kanuni mpya za kikokotoo, yaani hesabu ya mafao ya uzeeni, za mwaka 2018 zilipompa mstaafu malipo ya mkupuo ya asilimia 25 tu, vyama vilipeleka mahesabu, vikaonyesha mwalimu wa miaka 35 kazini angepoteza kiasi gani, na Desemba 28, 2018 Rais John Magufuli alikutana na viongozi wa vyama, akasitisha kanuni hizo. Mwaka 2022 kiwango kikawa asilimia 33, na bajeti ya 2024 ikakifikisha asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata asilimia 50 hapo awali. Hatujarudi tulikokuwa, na wastaafu wetu wana haki ya kuendelea kulalamika. Lakini tofauti kati ya 25 na 40 ilipatikana kwa watu waliokaa na kalamu na karatasi, wakarudi tena na tena kwenye hoja ileile.

Kwa hiyo ninayowaomba ni ya kazi. Kila tawi lihesabu, kabla ya mwezi huu kwisha, lina wanachama wangapi waliosaini TUF 6, fomu ya kukubali kukatwa ada ya chama, na wafanyakazi wote ni wangapi, ili mjue mko mbali kiasi gani na wingi unaotakiwa. Palipo na wanachama zaidi ya 100, sheria inaruhusu wawakilishi 15, na angalau 5 kati yao wawawakilishe wanawake. Mengi ya matawi yetu yana mwenyekiti na katibu tu, wote wanaume. Penye mkataba wa hali bora, usomeni muone unaisha lini, maana tumekuta mikataba iliyokwisha muda wake huku tawi likidhani bado inawalinda. Pasipo na mkataba, barua ya kuomba kutambuliwa iandikwe, ipelekwe, na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa itunzwe. Mkija kugoma, na ipo siku mtalazimika kugoma, faili hilo ndilo litakalosema mbele ya Jaji kwamba mlijaribu kila njia.

Nimewaomba waandaaji wasifunge ukumbi mara baada ya chakula. Wale mliokuja na mikataba ya kazi ya wanachama wenu, pamoja na mawakili wawili waliokubali kutusaidia bila malipo, tutakaa meza ile ya kulia tuisome ukurasa kwa ukurasa. Tutaanza na ya walioachishwa kazi mwezi huu, kwa sababu siku zao zinahesabiwa. Asanteni sana.